Sina Kikorea cha Kutosha Kudanganya

Saa ya Seoul inasoma Kiswahili. Niligundua hivyo usiku wa kwanza, nikiwa nimelala kitanda cha juu katika hosteli moja mtaa wa Jongno, nikijaribu kupiga hesabu kama mama ameshaamka. Seoul iko mbele ya Kenya kwa saa sita. Nasi tunaposema saa kwa Kiswahili, tunasema saa sita tofauti na tarakimu inayoonyeshwa na mshale. Weka hayo mawili pamoja: mshale wa Seoul ukigonga moja, mchana, Nakuru ni saa moja asubuhi. Ukigonga mbili, Nakuru ni saa mbili. Hakuna hesabu. Nilikuwa naitazama tu saa ya ukutani pale mapokezi na inaniambia mama yuko wapi: moja, anafunga geti aende shuleni, mbili, yuko darasani na chaki mkononi.

Mama ni mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi. Kumbuka hilo, litarudi.

Siku ninayotaka kusimulia ilikuwa Alhamisi, siku yangu ya nne. Nilikuwa nimesafiri peke yangu, na kufikia asubuhi hiyo sikuwa nimemaliza mazungumzo hata mamoja kwa Kikorea. Kuanza, nilianza mengi. Ningemuuliza mtu njia kwa sentensi niliyoifanyia mazoezi kitandani, naye angenitazama, angetabasamu, kisha angenijibu kwa Kiingereza. Katika mikahawa mingi hakukuwa hata na mtu wa kumsumbua. Unaingia, unakutana na mashine yenye skrini, unabonyeza picha ya chakula, unapitisha kadi, unangoja namba yako iitwe. Miaka mitatu nimejifunza lugha, halafu nimevuka bahari kuja kubonyeza picha.

Kwa hivyo Alhamisi nikajiwekea sheria: leo hakuna Kiingereza. Nikikwama, nikwame kwa Kikorea.

Sheria ilianza vibaya. Saa mbili asubuhi niliingia duka dogo la kona, yale yasiyofungwa usiku wala mchana, nikanunua samgak-gimbap. Huo ni wali uliobanwa ukawa pembetatu, ndani kuna samaki na mayonezi, nje umefunikwa kwa mwani mkavu. Kijana wa kaunta akaniuliza kitu. Nikashika neno la mfuko, nikajua ananiuliza kama nahitaji mfuko. Nikamjibu kwa haraka, "Ne, gwaenchanayo." Baadaye ndipo nilipotambua nimesema, "Ndiyo, hapana asante." Akainua mfuko. Akaushusha. Akauinua tena, akanitazama. Nikachukua wali wangu nikatoka.

Nje nikagundua ile karatasi ya plastiki ina namba: 1, 2, 3. Ukifungua kwa mpangilio huo, mwani unabaki umeukumbatia wali, mkavu na mkakamavu. Mimi nilianza na 2. Nikasimama kando ya barabara, wali mkono wa kulia, mwani mkono wa kushoto, majani ya manjano ya miti ya ginkgo yakiniangukia. Miti hiyo ni mizuri mpaka ukanyage tunda lake. Harufu yake ni ya matapishi, sitasema zaidi. Nikala hivyo hivyo.

Sasa niseme nilifikaje pale.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Sentensi hiyo ina maneno sita na imenichukua miaka minne kuiandika. Toleo nililozoea kulitumia ni refu zaidi: "Nimeahirisha masomo kidogo, unajua mambo ya karo, lakini kuna kazi fulani naimalizia kisha nirudi muhula ujao." Toleo hilo nilimpa mama. Nikampa pia kila shangazi aliyeuliza harusini na kila jirani aliyeuliza matangani. Na kwa sababu kila mwaka una muhula ujao, lilikuwa halichakai.

Karo ilichangia, siwezi kukataa. Lakini karo ya muhula ule ilipatikana, tena mama aliikopa kwenye chama cha ushirika cha walimu, nami nikaitumia kulipa kodi ya nyumba na kununua kipakatalishi. Kwa nini? Kwa sababu shahada ya biashara ilikuwa imechaguliwa na alama zangu za mtihani, si na mimi, na kwa sababu nilikuwa nimeshapata kazi nyingine. Nilikuwa nikikaa nyuma kabisa ya ukumbi wa mihadhara nikiwaandikia watu wengine insha zao za chuo.

Ukiwa na miaka ishirini na kitu na umewahi kuishi karibu na chuo chochote Nairobi, unaijua kazi hii. Mwanafunzi wa Marekani au Uingereza hana muda, au hana nia. Analipa. Kazi inapitia kwa mtu mwenye akaunti, anakata yake, inakufikia wewe ikiwa imebaki mifupa. Unaandika usiku kwa sababu usiku wetu ndio mchana wa Marekani. Nimeandika kuhusu uuguzi, sheria za mikataba, saikolojia ya watoto. Nimeandika insha ya kurasa nane kuhusu maadili ya udanganyifu masomoni, na ikapata alama nzuri. Kuna mtu mahali fulani amevaa joho kwa kazi niliyoifanya Roysambu, nikiangalia mita ya stima isije ikaishiwa tokeni kabla sijatuma.

Kikorea kilianza katika usiku huo huo. Unapongoja kazi ikubaliwe huwezi kulala, kwa hivyo nilikuwa natazama tamthilia za Korea. Kitu kimoja kikawa kinanisumbua. Msichana anazungumza na rafiki yake, kisha anageuka kuzungumza na mama mkwe, na mdomo wake unabadilika kabisa. Vitenzi vinarefuka, sauti inashuka. Lakini maandishi ya Kiingereza chini ya skrini yanabaki yale yale, "wewe" na "wewe". Nikajua kuna kitu nafichwa. Nikanunua daftari.

Daftari hilo ndilo kitu pekee nilichoandika miaka ile ambacho hakuna aliyekilipia na hakuna angekiwasilisha kwa jina lake. Nilijifunza kwa simu, kwa video za bure, kwa kurudia sentensi ndani ya matatu mpaka kondakta mmoja akaniuliza kama niko sawa. Mama aliposikia, alisema jambo moja tu: "Wewe kuanza unajua." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na ushahidi: kinanda cha kanisani, kozi ya ususi, chuo.

Nikaweka pesa kwa miaka miwili. Kwenye fomu ya viza kulikuwa na mahali pa kutaja kiwango cha juu cha elimu. Nikaweka alama kwenye shule ya upili. Karatasi ile ilijua ukweli kabla ya mama yangu.

Basi, Alhamisi. Nilitembea mpaka Uwanja wa Gwanghwamun, alikoketi Mfalme Sejong, sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu, kitabu mkononi. Sura yake iko pia kwenye noti ya won elfu kumi, kwa hivyo tulikuwa tumeshakutana. Mwaka 1443 alibuni herufi za Kikorea, na mwaka 1446 zikatangazwa rasmi. Kabla ya hapo watu wa huko waliandika kwa herufi za Kichina, ambazo mkulima hakuwa na miaka ya kuzisoma. Herufi za Sejong zinajifunzika haraka sana. Mimi nilizishika wikendi moja. Nyingine zimechorwa kufuata mdomo wenyewe: herufi ya sauti m ni kisanduku, kama mdomo uliofungwa, herufi ya k inaonyesha jinsi mzizi wa ulimi unavyoziba koo.

Kwa mtu wa Kiswahili kuna starehe nyingine. Wakorea hawapendi konsonanti zilizorundikana, kama sisi. Wakichukua neno la kigeni wanalipachika irabu mpaka likae vizuri. Sisi tunasema aiskrimu, wao wanasema aiseukeurim. Sisi keki, wao keikeu. Mara ya kwanza nilipoisoma hiyo aiseukeurim kwenye kibao cha duka nilicheka peke yangu kama mwehu. Ilikuwa ni kama kukutana na binamu uwanja wa ndege.

Nilikaa pale chini ya sanamu muda mrefu. Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, na katika miaka ya mwisho mwisho watoto walizuiwa kuzungumza Kikorea shuleni. Hilo halikuhitaji maelezo kwangu. Shule niliyosomea ilikuwa na kipande cha ubao tulichokiita diski. Siku ya Kiingereza ukikamatwa unaongea Kiswahili unakivaa shingoni, na unamwinda mwenzako wa kumpa kabla ya jioni. Nilikivaa mara nyingi tu, mtoto wa mwalimu wa Kiswahili, ndani ya shule ambayo mama yangu alifundisha Kiswahili. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu adhabu kama hizo, na mwaka 2016 Wakorea walimpa tuzo yao ya fasihi ya Pak Kyongni. Nadhani walimsoma bila kuhitaji tanbihi.

Njaa ikanipata. Katika uchochoro mmoja kulikuwa na mkahawa wa nyama, ile ya kuchomwa mezani mbele yako, na moshi wake ulikuwa ukinivuta kama jamaa wa Kenyatta Market. Nikaingia. Mwanamume wa mlangoni akaniuliza, kwa Kikorea cha heshima kabisa, tuko wangapi.

"Honja-yo," nikasema. Niko peke yangu.

Akasikitika. Akaniambia nyama wanaiuza kuanzia sahani za watu wawili. Nilimwelewa neno kwa neno, na nilipotoka nje ndipo iliponigonga: sentensi ya kwanza ndefu niliyoielewa yote katika nchi ile ilikuwa ya kunifukuza. Si ubaya wake, mikahawa mingi ya aina hiyo ndivyo ilivyo. Chakula hicho kimepangwa kwa kundi. Wakorea wenyewe wana neno la kula peke yako, honbap, na siku hizi kuna mikahawa inayojitangaza kwa neno hilo. Lakini mimi nimezoea kibanda. Kibandani hakuna anayekuhesabu. Unabanwa kati ya fundi wa pikipiki na karani wa benki, mnapitishiana pilipili, na hakuna anayejua mlikuja wangapi.

Nikashuka Cheonggyecheon. Ni kijito kinachopita katikati ya jiji, chini kidogo ya barabara, chenye urefu wa karibu kilomita 11. Unateremka ngazi na kelele za magari zinabaki juu. Kuna mawe ya kuvukia, na niliona korongo amesimama majini, hana habari na mtu. Zamani kijito hiki kilifunikwa kwa zege, na juu yake ikajengwa barabara ya magari ya kasi. Mwaka 2003 wakaanza kuibomoa, na 2005 maji yakafunguliwa kwa watu. Mimi natoka jiji ambalo lilifungua barabara yake ya juu mwaka 2022, nami huipita chini yake kwa miguu. Nikavuka mawe, nikarudi, nikavuka tena, bila sababu.

Ukifuata kijito kuelekea mashariki unafika Soko la Gwangjang, lililoanzishwa mwaka 1905. Juu kuna vitambaa, chini chini katikati ni chakula. Kitu cha kwanza kilichonisimamisha ni sauti ya mawe ya kusagia. Wanasaga nafaka iliyolowekwa, rojo linatoka la manjano, linamwagwa kwenye mafuta mengi na kukaangwa hadi likauke pembeni kama bajia. Nikamuuliza mwenye kibanda ni nini. Nokdu, akasema. Nikatafuta kwenye simu. Ndengu! Miaka minne ya bweni nimekula ndengu kila Jumanne na Alhamisi nikiapa sitazila tena, na hapa watu wamepanga foleni. Nikanunua moja. Nikaomba msamaha kimoyomoyo kwa mpishi wa shule yetu, ingawa yeye hakuwahi kuzikaanga.

Lakini nilitaka kukaa, na nilitaka supu, kwa sababu baridi ilikuwa imeanza kuingia kwenye mifupa. Katikati ya soko kuna vibanda vya tambi, kila kimoja kina mama mmoja nyuma ya sufuria na benchi mbele yake. Nikawa natembea polepole nikijifanya sitafuti. Mama mmoja, umri wa kuwa nyanya wa mtu, aproni nyekundu, akaniita kwa mkono.

"Honja wasseo?" Umekuja peke yako?

Nikajiandaa kufukuzwa. "Ndiyo, nimekuja peke yangu."

Akapiga benchi kwa kiganja. "Anja." Kaa.

Nikakaa. Benchi lilikuwa na moto! Wanaweka umeme chini ya kiti. Nusura nilie.

Nikaagiza kalguksu, yaani tambi za kukatwa kwa kisu, na alizikata mbele yangu, donge la unga limekunjwa, kisu kikienda tak tak tak bila yeye kukitazama. Harufu ya supu niliijua kabla ya kuonja. Wanaichemsha kwa vidagaa vikavu. Nilikuwa nimesafiri mpaka Seoul kukutana na omena.

Katika Kikorea, mama kama huyu mteja humwita imo, mama mdogo, dada ya mama yako, hata kama hamjawahi kuonana. Hilo nalo halikuhitaji kufundishwa. Nikamwita imo, nikaomba kimchi zaidi, akaniongezea bila kuandika popote. Na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, kwa sababu yeye hakuwa na Kiingereza. Hakuwa na hata neno moja la kunihurumia nalo.

Unatoka wapi? Kenya. Kenya mnakula nini? Nikataka kusema kwamba hata sisi tuna mchele. Mchele ni ssal, s ya kukazwa. Mimi nikasema sal. Imo akasimamisha kisu. Kisha akajifinya mkono wake mnene, akasema, "Sal." Halafu akaonyesha gunia, "Ssal." Nilikuwa nimemwambia kwamba Kenya tuna nyama za mwili. Alicheka mpaka akawaita majirani wa vibanda vya pembeni awasimulie, nikarudishwa nirudie. Ssal. Sal. Ssal.

Nikajaribu kujiokoa. Nikamwambia kwetu mchele una majina matatu: ukiwa shambani mpunga, dukani mchele, sahanini wali. Akatikisa kichwa kwa nguvu. Kwao pia: byeo, ssal, bap. Watu wa Kiingereza wana neno moja tu, nikasema. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, kama niliyemwambia kuna watu wana jicho moja. Wanaelewanaje?

Akauliza nimezaliwa mwaka gani, kwa sababu lazima ajue anaongea na nani. Nimeolewa? Bado. Kisha akauliza ninafanya kazi gani.

Swali hilo nina majibu yake. Kwa Kiingereza nina jibu linalong'aa, lenye neno mshauri ndani yake. Kwa Kiswahili nina lile la muhula ujao. Kwa Kikorea nilifungua mdomo nikakuta rafu karibu tupu.

"Naandika," nikasema.

Unaandika nini? Vitabu?

Insha sikuijua. Mteja sikumkumbuka. Nilichokuwa nacho ni maneno ya sura ya tatu ya kitabu chochote cha wanaoanza. Nikasema: "Naandika kazi ya nyumbani ya watu wengine."

Akasimama na upawa hewani. Kwa nini?

"Pesa."

Na wewe, shule yako?

Hapa nililitafuta neno la kuahirisha. Nalitafuta, silioni. Lipo, niliangalia baadaye hostelini. Wanafunzi wa huko hulitumia kila siku, na nina hakika nimelisikia kwenye tamthilia mara mia. Bahati yangu halikuja. Lililokuja lilikuwa kitenzi kimoja, cha kuacha kitu na kutokiendea tena.

"Chuo kikuu... niliacha."

"Mama yako?"

"Mama hajui."

Maneno mawili. Nilishangaa jinsi yalivyokuwa mafupi. Miaka minne nimekuwa nikiyazungushia sentensi, karo, kazi fulani, muhula, na ndani yake kulikuwa na kitu ambacho mtoto wa darasa la kwanza angekisema. Sikuwa jasiri. Sikuwa tu na Kikorea cha kutosha kudanganya.

Imo hakunipa pole. Alizungumza, muda mrefu, akiwa ameinamia donge la unga, na sitadai nilimwelewa. Nilishika maneno matatu: mwanangu, kampuni, aliacha. Sijui ilikuwa lini. Sijui kama aliacha kampuni au kampuni ilimwacha, wala kama siku hizi wanazungumza. Sikuwa na sarufi ya kuuliza. Nilisema neno ambalo watu wa huko husema wakisikiliza, geuraeyo, kumbe ni hivyo, kila alipopumua. Nilikuwa naogopa nikikaa kimya ataacha.

Kisha akachota tambi nyingine akazitia kwenye bakuli langu. Hiyo ina jina, deom, ile nyongeza ambayo mama mboga anakutupia juu ya sukuma baada ya kukuhesabia. "Meogeo," akasema. Kula.

Wakaja wateja wawili, nikasogea kwenye benchi, wakajibana. Nikala mpaka nikaona sakafu ya bakuli. Nilipompa noti ya Sejong akanirudishia chenji, nikamshukuru kwa ile sentensi ya kushukuru ukishakula. Naye akaniambia kitu bila kuinua macho, maneno yote nikiyajua, maneno ya sura ya kwanza kabisa: mpigie mama yako simu.

Nikatazama saa yangu. Mshale ulikuwa kwenye mbili na nusu. Nakuru, saa mbili na nusu, mama alikuwa darasani. Nilifurahi kuwa na sababu.

Kwa hivyo nikatembea. Nilitembea mpaka Dongdaemun, nikapanda kando ya ukuta wa zamani wa jiji mpaka miguu ikauma, nikatazama taa zikiwashwa. Niliongea Kikorea na watu wengine wanne siku hiyo, na wawili walinijibu kwa Kikorea. Nilinunua soksi nisizozihitaji kwa sababu muuzaji alikuwa anapenda kuongea. Sheria yangu sikuivunja. Lakini siwezi kusema nilikuwa nafanya mazoezi ya lugha. Nilikuwa nangoja mshale ufike kumi na moja.

Saa tano usiku Seoul, saa kumi na moja jioni Nakuru, nikakaa kwenye ngazi za hosteli nikapiga. Mama akashika mara ya pili.

"Umekula?"

"Nimekula. Mama, niliacha chuo."

Kulikuwa na watoto wakipiga kelele nyuma yake, pengine wale wa jirani wanaokuja kusaidiwa kazi ya shule.

"Uliahirisha," akasema. Alisema kama mwalimu anayesahihisha kitenzi.

"Hapana. Niliacha."

"Lini?"

"Ile mara ya kwanza."

Kelele za watoto zikafifia. Nadhani alitoka nje. "Na pesa za kwenda huko ulitoa wapi?"

Nikamweleza. Kwa Kiswahili ilichukua muda, maana Kiswahili changu kina milango mingi ya kutokea, na kila nilipofika kwenye mmoja ilibidi niupite. Nikamwambia pia kuhusu mkopo wa ushirika, mahali zilikoenda zile pesa. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Hao uliowaandikia, walipita?"

"Wengi."

Akanyamaza. Nilisikia geti la jirani. "Utarudi lini?"

"Jumanne."

"Nauliza chuo."

"Sirudi, mama."

"Haya," akasema. Kisha: "Tutaongea ukifika." Kila mtoto wa Kenya anajua uzito wa sentensi hiyo. Hakusema Mungu akubariki, ambayo huwa hasahau. Akakata.

Ningependa kuandika kwamba nilihisi wepesi. Nilihisi baridi. Nilikaa pale kwenye ngazi na simu mkononi nikimwona mama amesimama uani, deni la ushirika bado analikatwa kwenye mshahara, akihesabu upya miaka minne. Mlangoni mwa mapokezi mshale ulikuwa umekaribia kumi na mbili. Nakuru giza lilikuwa linaingia. Jumanne ilikuwa siku tano mbele, na nilikuwa na maneno yote niliyohitaji.